Keki ya matunda ya kaskazi: embe, zambarau, stroberi au nanasi?

Kaskazi ikishatulia, Malindi haina upungufu wa matunda. Maembe ya Magarini na Gede yamerundikwa sokoni, zambarau zinapimwa kwa kikombe, mananasi yapo, na kwenye friji za supamaketi kuna vikasha vya stroberi zilizoshuka kutoka bara. Anayetaka kuoka keki ya matunda ana la kuchagua, na hapo ndipo wengi hukosea, kwa kuwa huchagua kwa macho. Stroberi ni nyekundu, inapendeza kwenye picha, basi inatiwa kwenye rojo. Saa moja baadaye keki inatoka na mashimo yenye rangi ya kijivu, na chini imelowa chapachapa.

Resipe nyingi za keki ya kiangazi zimeandikwa Ulaya. Kiangazi cha kule ni Juni hadi Agosti, matunda yake ni stroberi, rasiberi na buluberi, na jikoni kwao nyuzi 20 ni joto la kutosha. Kiangazi cha hapa ni Desemba hadi Machi, na mchana jikoni hufika nyuzi 30 na ushei hata kabla ya oveni kuwashwa. Ukiifuata resipe hiyo neno kwa neno, mambo mawili hukwama: siagi haikai inavyotakiwa kukaa, na keki ikishaiva haiwezi kulala mezani. Kwa hiyo ulinganisho huu unaanza na keki yenyewe, ndipo uingie kwenye tunda.

Siagi, mafuta au mkate wa mayai

Keki ya siagi huumuka kwa hewa inayoingia siagi inapopigwa na sukari. Kazi hiyo siagi huifanya vizuri ikiwa kwenye nyuzi 18 hadi 21. Mwezi wa Februari, siagi iliyokatwa vipande vya sentimita moja hufika hapo kama dakika 10 tu baada ya kutoka frijini, kisha hupitiliza. Ikianza kung'aa na kuteleza kwenye kuta za bakuli, hewa haikai tena, na hata ukiipiga nusu saa keki itatoka fupi, nzito, na karatasi ya chini imejaa mafuta. Dawa ni kuliweka bakuli frijini kwanza, kupiga kwa dakika 4 au 5 tu, na kulirudisha frijini dakika 5 siagi ikilainika mno. Majarini ya kopo huvumilia joto kuliko siagi, ila ladha yake hushindana na tunda badala ya kulibeba.

Tuseme umeipatia. Bado kuna la pili. Keki yenye tunda bichi au tunda lililooka nusunusu, kwenye joto la kaskazi, huanza kuchacha au kuota ukungu siku ya pili, kwa hiyo lazima iingie frijini. Siagi ikiingia frijini huganda, na keki iliyokuwa laini jana leo inakatika kama mchanga mkavu. Mafuta ya maji hayagandi kwa baridi hiyo. Hii ndiyo sababu kubwa ya kuoka kwa mafuta hapa pwani, kuliko hata unafuu wa kazi.

Waitaliano, ambao Malindi wamejaa, wana keki ya nyumbani inayopimwa kwa kikopo cha mtindi: kikopo kimoja cha mtindi, kimoja cha mafuta, viwili vya sukari, vitatu vya unga, jumla saba, na mayai matatu. Kwa jikoni la pwani ni msingi mzuri mno, kwa kuwa hakuna siagi ya kuhangaika nayo. Tatizo lake ni sukari, ambayo ikikutana na embe huwa nyingi kupita kiasi. Ikipunguzwa na kuwekwa kwenye mizani, kwa tini ya duara ya sentimita 22, inakuwa hivi:

Mayai 3; mtindi mzito gramu 125; mafuta ya alizeti mililita 110; sukari gramu 170; unga wa ngano wa kawaida gramu 230; beking pauda gramu 10, yaani vijiko vya chai 2 na nusu vilivyosawazishwa; chumvi robo kijiko cha chai; iliki punje 6 zilizotwangwa, au ganda la ndimu moja lililoparuzwa.

Mtindi uwe mzito. Maziwa lala ni mepesi, na rojo likiwa jepesi vipande vya tunda vinazama. Kama huna mtindi mwingine, uchuje kwa kitambaa saa moja kabla ya kuupima.

Wa tatu ni mkate wa mayai, ambao Lamu na Malindi hauhitaji kutambulishwa. Mayai 5, sukari gramu 150, unga gramu 150, iliki. Hauna mafuta wala beking pauda, kinachouinua ni povu la mayai peke yake. Hapa joto linakufaa, kwani mayai yasiyo baridi hupanda haraka na juu zaidi kuliko yaliyotoka frijini. Piga kwa mashine dakika 8 hadi 10, mpaka rojo likidondoka kutoka kwenye mchapo liache alama inayokaa juu kwa sekunde chache. Tia unga kwa kuuchekecha mara tatu na kuukunja polepole kwa mwiko, usikoroge. Nyuzi 170, nusu saa. Mkate huu haubebi tunda ndani, kwani uzito na maji ya tunda hulipasua povu. Ila hunywa maji ya matunda kama sifongo, na kwa stroberi na zambarau hilo ndilo unalolitaka.

Embe

Kama hujui uanzie wapi, anzia hapa. Embe lina maji kama asilimia 83 na sukari kama gramu 14 kwa kila gramu 100. Stroberi ina maji asilimia 91 na sukari gramu 5 hivi. Tofauti ya maji inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini ndani ya keki ndiyo inayoamua kama kipande kitabaki kipande au kitageuka shimo lenye ute.

Kingine ni rangi. Unjano wa embe huyeyuka kwenye mafuta na hauogopi moto. Ukioka kwa mafuta, rangi inasambaa kidogo kwenye keki na kuipa dhahabu yake, na kipande kinatoka na rangi ileile kiliyoingia nayo. Wekundu wa stroberi na uzambarau wa zambarau ni rangi ya jamii nyingine, inayoyeyuka kwenye maji, na moto huipausha.

Embe gani? Ngowe, lile refu lenye ncha iliyopinda kama mdomo wa ndege, halina nyuzi karibu kabisa, na likikatwa hutoa vipande safi. Apple, la mviringo lenye wekundu begani, ni zuri likiwa bado limekaza kidogo. Boribo lina maji mengi, linafaa kusagwa na kwa sharubati. Dodo ni tamu kulila kwa mkono, lakini nyuzi zake zitawakwama wageni menoni. Kwa vyovyote, chukua embe lililoiva kwa harufu lakini ukilibonyeza karibu na kikonyo halizami. Lililolainika kabisa usilikate vipande, lisage, ulichemshe mpaka gramu 400 zibaki 250, na utie gramu 125 za uji huo mahali pa mtindi. Keki itakuwa nzito kidogo, ya manjano iliyokolea, na haitakuwa na vipande.

Unahitaji gramu 300 za nyama ya embe, maembe mawili ya kadiri. Kata vipande vya sentimita moja na nusu, si zaidi. Vitandaze kwenye kitambaa safi dakika 10 vikauke juu. Washa oveni nyuzi 175 robo saa mapema. Piga mayai na sukari dakika 3, tia mtindi, mafuta na ganda la ndimu. Chekecha unga, beking pauda, chumvi na iliki pamoja, umimine, ukoroge mpaka unga mkavu usionekane tena, basi. Unga wa ngano ukikorogwa sana hushikana kama donge la chapati, na keki hutafunika badala ya kumung'unyika.

Sasa siri ya vipande kutozama. Wengi huvigaragaza kwenye unga wakaamini kazi imekwisha. Unga ule hunywa maji ya juu ya kipande na kukifanya kishike rojo, lakini kama rojo ni jepesi kitazama na unga wake. Kinachosaidia zaidi ni kumimina theluthi ya rojo chini ya tini bila tunda lolote, kuchanganya theluthi mbili zilizobaki na gramu 200 za embe, kumimina juu, kisha kupanga zile gramu 100 za mwisho juu kabisa. Hata vikishuka kidogo, havifiki chini kukutana na bati la moto vikaungua.

Dakika 50 hadi 55. Kijiti cha mshikaki kitakudanganya ukikichoma penye embe, kwa kuwa kitatoka kimelowa hata keki ikiwa imeiva. Choma sehemu mbili au tatu. Mwenye kipimajoto atafute nyuzi 96 hadi 98 katikati. Iache kwenye tini dakika 10, kisha itoe uiweke juu ya waya. Ikibaki kwenye tini mvuke wake unarudi chini na kuilowesha.

Udhaifu wa embe ni kukosa uchachu. Likishapikwa utamu unabaki na ile harufu yake ya juu inapotea na mvuke, na keki inaweza kuwa tamu isiyo na la kusema. Ganda la ndimu husaidia, na kijiko kikubwa cha maji ya ndimu pia. Bora zaidi ni kuondoa gramu 80 za embe bivu na kutia embe bichi lililoparuzwa na kukamuliwa kidogo. Hufanya kazi ileile tofaa chachu lifanyayo kwenye keki za Ulaya, na hapa halihitaji kusafiri. Au pesheni juu: sukari ya aising gramu 120 na vijiko vikubwa 2 vya maji ya pesheni yaliyochujwa, ikimiminwa keki ikishapoa kabisa. Pesheni ndani ya keki haina faida, maana mbegu zinakuwa kama changarawe.

Zambarau

Anayetamani ladha ya beri za Ulaya, ile ya giza yenye uchachu na ukakasi, asifunge safari kwenda supamaketi. Zambarau ndiyo hiyo, tena yenye nguvu kuliko buluberi za kulimwa. Ila ina kazi. Kokwa ni kubwa, nyama ni chache, ukakasi wake hukausha ulimi, na maji yake hayatoki kwenye kanzu. Msimu nao ni mfupi, leo zimejaa na baada ya wiki chache huzioni.

Usioke zambarau nzima ndani ya keki. Kuna wanaozitoa kokwa moja moja na kuzitia kama zabibu, na matokeo ni vipande vigumu vyenye ukakasi katikati ya rojo tamu. Zipike kwanza. Zambarau gramu 500, sukari gramu 80, maji vijiko vikubwa 2, chumvi ncha ya kisu. Moto mdogo, dakika 12 hadi 15, mpaka nyama iachie kokwa. Zisugue kwenye chujio kwa mgongo wa kijiko, halafu urudishe uji huo motoni mpaka uwe mzito kama jamu. Pima hivi: weka tone kwenye sahani iliyotoka frijini, pitisha kidole katikati. Mstari ukibaki wazi, tayari. Ukijifunga, bado, na ukiutia hivyo utazama na kuacha ukanda mbichi chini ya keki.

Chumvi si mapambo. Watoto wanaotikisa zambarau na chumvi kwenye bakuli wanajua wanachofanya, kwa kuwa chumvi hupunguza makali ya ukakasi ulimini. Maziwa nayo husaidia kwa njia nyingine. Ukakasi hung'ang'ania protini ya maziwa badala ya kung'ang'ania mate yako, ndiyo maana zambarau na mtindi huelewana.

Kwenye keki ya mafuta, tia gramu 150 za jamu hiyo kwa vijiko juu ya rojo lililo kwenye tini, na pitisha kisu mara tatu au nne kuchora mistari. Usichanganye mpaka ilingane. Uzambarau ukichanganyika na unjano wa mayai huzaa rangi ya sementi.

Tena, soda ya kuokea weka mbali. Rangi ya zambarau ni nyekundu ikikutana na uchachu, na ikikutana na soda hugeuka buluu, kisha kijani cha kijivu. Jaribu tone moja la jamu na soda kwenye sahani uone. Tumia beking pauda peke yake kwa kipimo kilichotajwa, na kijiko kikubwa cha maji ya ndimu kwenye rojo.

Lakini mahali pa zambarau hasa ni kwenye mkate wa mayai. Ukate katikati ukiwa umepoa, pande zote mbili zipake jamu ya zambarau iliyolegezwa kwa maji moto kidogo, vijiko vikubwa 4 kwa kila upande, tandaza jamu, funika, uuache frijini saa 4. Kesho yake ni mzuri kuliko leo. Kati ya keki zote zilizotajwa hapa hii ndiyo yenye ladha ya kukumbukwa, na ndiyo ambayo haipatikani dukani.

Stroberi

Stroberi ya kuoka na stroberi ya kupamba ni mambo mawili. Ikishasafiri kutoka bara na kukaa kwenye friji ya duka, hapa Malindi ina siku moja, pengine mbili. Kagua chini ya kikasha. Kama karatasi imelowa nyekundu, iache. Usizioshe mpaka dakika ya kuzitumia, na uzioshe zikiwa na vikonyo vyake, kwa maana ukivikata kwanza zinakunywa maji.

Ndani ya rojo, stroberi mbichi huachia maji kabla rojo halijashika. Pale ilipokuwa panabaki shimo, na ukuta wa shimo unabaki kama uji. Ukitaka lazima iwe ndani, itoe maji kwanza. Kata nusu gramu 300, zipange kwenye treya na kijiko kikubwa cha sukari, oveni nyuzi 150 kwa dakika 40. Zitanywea na kuwa nyeusinyeusi, na kiasi hicho kilichonywea kinatosha keki moja. Ni gesi nyingi kwa tunda lililokwisha kuwa ghali, na ladha inayopatikana zambarau inaipita.

Njia ya heshima kwa stroberi ni mbichi, juu ya mkate wa mayai. Gramu 250, sukari gramu 20, dakika 20 hadi 30 kabla ya kuandaa, si zaidi. Maji yanayotoka yapakie mkate, na tunda liweke juu. Cha kuliweka juu yake ndicho kigumu. Krimu ya kupiga hupanda ikiwa baridi, na bakuli liwe baridi pia, lakini kwenye nyuzi 31 haisimami. Tui zito lililogandishwa nalo hulegea, mafuta ya nazi yanayeyuka kwenye nyuzi 24 au 25. Kinachovumilia ni mtindi: gramu 500 kwenye kitambaa, utundikwe frijini usiku kucha, ubaki karibu gramu 250, uchanganywe na sukari ya aising gramu 40. Hauna urembo wa krimu, ila haukukimbii.

Nanasi

Kwa anayeoka kwa mara ya kwanza, nanasi lina fadhila moja: lipo karibu mwaka mzima na halibanwi na msimu. Maji ni asilimia 86, sukari gramu 10 hivi, na uchachu upo wa kutosha, kwa hiyo halihitaji ndimu. Linaiva vizuri kwenye keki ya kupindua. Kata duara za sentimita moja, ondoa moyo, zikaushe kwenye kikaango kikavu dakika 5 kila upande. Kwenye tini yeyusha siagi gramu 40 na sukari gramu 80 mpaka iwe rangi ya asali, panga nanasi, mimina rojo lilelile la mtindi, nyuzi 170, dakika 45. Subiri dakika 5 hadi 10, ndipo upindue. Ukisubiri ipoe, sukari inanata na nusu ya nanasi inabaki kwenye tini. Ikitokea hivyo, rudisha tini juu ya moto mdogo dakika moja.

Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachokata protini. Ukilitia kwenye jeli ya jelatini haigandi kamwe, na ukilichanganya na krimu au mtindi, baada ya saa chache panatokea uchungu. Moto hukiua, kwa hiyo nanasi lililopikwa au la kopo halina shida. Papai bichi hufanya hivyohivyo. Kwa jeli ya juu ya keki, agari ni bora kwa kila hali. Hutengenezwa kwa mwani, si kwa mifupa wala ngozi, kwa hiyo hakuna wa kuuliza kuhusu uhalali wake. Huganda kwenye nyuzi 35 hadi 40, na ikishaganda haiyeyuki mpaka ikaribie 85. Jelatini kwenye meza ya Malindi hugeuka mchuzi. Kijiko cha chai kimoja cha unga wa agari kwa mililita 250 za maji ya tunda, ichemke dakika 2 nzima.

Mwenye mforosadi uani naye ana beri zake, ila forosadi hulainika siku hiyohiyo. Zigandishe, uzitie kwenye rojo zikiwa bado barafu, uongeze dakika 7 hivi za kuoka.

Moto ulio nao

Oveni ndogo za gesi hupiga moto kutoka chini. Keki yenye tunda ina sukari ya ziada, na chini ndiko inakoungua kwanza. Weka treya tupu kwenye ngazi ya chini, keki iwe ya katikati, na mbele ikiwa nyeupe izungushe baada ya dakika 35, si kabla, kwa kuwa rojo lisiloshika likitikiswa linashuka.

Kwenye makaa mambo hubadilika, na pengine uamuzi wa tunda ubadilike nao. Sufuria nzito, mchanga mkavu sentimita 2 au 3 chini yake, ipate moto robo saa na kifuniko, tini iwekwe juu ya mchanga, na makaa ya juu yawe kama mara mbili ya yale ya chini. Mkate wa mayai hauna tatizo, umezaliwa kwenye moto wa aina hii. Keki ya embe inawezekana ukiiacha ile theluthi ya chini bila tunda, na ukiyapunguza makaa ya juu baada ya dakika 20, rangi ikishashika. Keki ya kupindua usiijaribu. Sukari iko chini, na huwezi kuiona ikipita kutoka asali kwenda mkaa.

Stima ikikatika keki iko kwenye oveni ya umeme, usifungue mlango. Ikiwa imeshapita dakika 40, joto lililomo huweza kuimalizia. Kabla ya hapo, ya mafuta na mtindi ina uwezekano wa kupona stima ikirudi upesi. Mkate wa mayai hauna, povu likishatua limetua.

Inakwenda wapi?

Mwisho uliza keki italiwa wapi na saa ngapi. Ya embe, ya mafuta, hukaa nje siku moja ikifunikwa, frijini siku 4, na vipande vyake vikigandishwa hukaa mwezi. Ya zambarau ioke jana ya shughuli. Ya nanasi ina maji juu, kwa hiyo siku ya pili huanza kuteleza. Ya stroberi hesabu saa 2 tangu kupambwa. Kwa kupanda tuktuk mpaka Mambrui na keki mapajani, chagua ya embe, na aising ya pesheni ibebwe kwenye chupa imiminwe mkishafika.